Begi Nililolibeba Dindira

Saa kumi na moja na dakika thelathini na nne alfajiri, siku ya nne ya mbio, mdogo wangu alitoka kwenye hema la kituo cha Dindira, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniomba nimfunge kamba za viatu kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kukunjika. Niliiandika saa hiyo kwenye daftari, kama nilivyoandika saa nyingine zote za siku zile. Dakika chache baadaye nilifanya jambo ambalo mpaka leo halijanitoka.

Nianze na mbio zenyewe, maana hata watu ambao zilipita mbele ya milango yao hawakuzielewa vizuri. Zilikuwa mbio za siku nne. Zilianzia upande wa Handeni, kwenye tambarare ya joto, zikavuka mto, zikapanda milima ya Usambara, zikazunguka huko juu siku mbili, kisha siku ya mwisho zikashuka mpaka kiwanja cha mpira mjini Korogwe. Kila siku ilikuwa na saa yake ya mwisho. Anayefika baada ya saa hiyo, hata kwa dakika moja, anatolewa. Wakimbiaji wengi walitoka mbali, baadhi yao nje ya nchi. Kwa wenyeji, waandaaji waliweka jambo la pekee: mkazi yeyote wa kata ambazo njia inapita, akimaliza siku zote nne ndani ya muda, anapewa shilingi milioni moja na laki mbili. Haikuwa lazima awe wa kwanza wala wa kumi. Amalize tu.

Sisi ni watu wa Sindeni, huko Handeni. Mdogo wangu aliolewa Dindira, juu milimani, akaishi huko miaka kumi na sita, na mumewe alipofariki akabaki na nyumba ya vyumba viwili na mashina ya chai yaliyo nyuma yake. Ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume. Shemeji zake hawakuwa watu wabaya. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo kwenye kikao. Walieleza kwamba mmoja wao anaumwa na matibabu yake ni ya gharama, kwa hiyo kipande kile kinauzwa. Mdogo wangu ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa mtu wa nje bei ingekuwa kubwa zaidi. Kwake ni milioni moja na laki nne, na watamsubiri mpaka mahindi yavunwe. Nilitafuta pa kuwalaumu, sikupaona. Mimi na yeye tukichanganya tulikuwa na laki mbili na ushei.

Ndipo akasikia habari za mbio. Alikuja Sindeni akanikuta kibandani kwangu natoa mnyororo wa baiskeli, akasimama mpaka nikamaliza.

"Kaka, mtu wa miaka thelathini na tisa anaweza kukimbia siku nne?"

"Sijui," nikamwambia. "Nitasoma."

Mimi ni fundi wa baiskeli na pikipiki. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba, magazeti ya kufungia vitu, na siku hizi simu. Nikasoma. Nilijifunza kwamba mtu wa mbio ndefu hashindwi na mapafu, anashindwa na tumbo, miguu na chumvi. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la baiskeli na kupima kilomita za mazoezi kwa kuhesabu mizunguko, kutoka kibandani mpaka njia panda na kurudi. Mdogo wangu alikimbia nyuma yangu kwa raba za mtumba. Alikuwa amezoea kushuka na kupanda milima ile akiwa na tenga la mboga kichwani, na kila nilipogeuka kumtazama alikuwa pale pale, hatua ishirini nyuma, uso hauna habari.

Kanuni za mbio zilikuwa kurasa kumi na tatu. Nilimsomea zote mara tatu, jioni tatu tofauti. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kifungu kinachosema mkimbiaji atabeba begi lake mwenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Msaidizi anaruhusiwa kumsaidia ndani ya kamba za kituo tu, na nje ya kamba hamgusi yeye wala mzigo wake. Nilikipigia mstari kwa kalamu.

Msaidizi nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa pikipiki kutoka kituo hadi kituo na kumkuta tayari na uji wa ulezi, viazi vitamu vya kuchemsha, chumvi, maji na soksi kavu. Siku ya kwanza alifika akiwa na dakika hamsini na mbili mkononi. Siku ya pili, dakika thelathini na moja. Siku ya tatu, siku ya kuingia Dindira, dakika kumi na mbili. Mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuona mstari huo unaelekea wapi. Jioni ile niliupigia hesabu mara mbili, kwanza kwa kufuata upungufu wa kila siku, kisha kwa mwendo wake kwenye mteremko. Hesabu zote mbili zilinipa jibu la karibu: siku ya nne angefika amechelewa kama dakika tisa. Nilifunga daftari nikamwambia tuko vizuri.

Alilala hemani. Nyumba yake ilionekana kutoka pale, juu kidogo, bati lake na mti wa parachichi, lakini wakimbiaji walitakiwa kulala ndani ya kamba. Aliitazama mara moja tu, akaniuliza kama nadhani jirani amekumbuka kufungia kuku.

Asubuhi ile, basi, nilimfunga kamba za viatu. Nilimpa uji, akanywa nusu. Nililipima begi kwa mizani yangu ya kuning'iniza: kilo tano na robo, pamoja na maji. Akalivaa. Tukatoka nje ya kamba, yeye anachechemea, mimi pembeni yake.

Hapa nieleze desturi, ingawa msomaji wa kwetu anaijua. Mgeni haachwi kuondoka peke yake mlangoni. Unamsindikiza, na ukimsindikiza unapokea mzigo wake. Ukitembea naye mikono mitupu huku yeye kabeba, ni kama umemwambia umefurahi anaondoka. Nimesindikiza watu maisha yangu yote. Sijawahi kufikiri kwamba nafanya kitu. Ni kama kufumba macho vumbi likija.

Kando ya njia walikuwepo wanawake wa pale wanaokwenda kuchuma chai, matenga yamewaning'inia mgongoni. Walikuwa wifi zake na majirani zake, na walikuwa wamemngojea.

"Wifi, leo unakimbia au unakwenda kliniki?"

"Niacheni. Hii miguu nimeikodi, siyo yangu."

"Na mwenyewe akija kuidai?"

"Mwambieni aifuate Korogwe."

Wakacheka, na yeye akacheka kidogo, akishika goti. Bibi mmoja aliyekaa kwenye jiwe, kajifunika kanga mbili kwa baridi, hakucheka. Alinitazama mimi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe si kaka yake?"

"Ndiye mimi."

"Dada yako anachechemea na mzigo mgongoni, wewe umetia mikono mfukoni. Huko kwenu Handeni ndivyo mnavyosindikiza?"

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Nikasikia uso unapata moto. Nikanyoosha mkono nikasema, "Lete."

Mdogo wangu alinitazama. Mabega yake yalikaa kama yalivyo kwa muda mfupi, kisha akaitoa mikanda, mmoja, wa pili, akanipa. Nilidhani ni uchovu. Nililitia begi begani, tukaendelea kwenye njia ile nyembamba kati ya chai na chai, na nakumbuka nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza katika siku nne. Tulipofika kwenye kona nikamvisha begi, nikamwambia aweke miguu upande wa nyasi ambako hakutelezi. Akashuka. Baadaye nilirudi kupima: kutoka kwa bibi mpaka kwenye kona ni hatua mia mbili na kumi.

Kwenye kona, ukingoni mwa chai, alikuwepo kijana mwenye fulana ya waandaaji na ubao wa kuandikia. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za wanaopita. Alisubiri mdogo wangu atokomee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba."

"Wewe ni msaidizi wa namba arobaini na moja?"

"Ndiye."

"Lile begi ulilobeba ni lake?"

Wakati huo ndipo ukurasa wa tisa ulipokuja mbele yangu, na mstari wangu wa kalamu. Ningeweza kusema ni langu. Wazo hilo lilipita, sikulitumia.

"Ni lake. Nilikuwa namsindikiza."

"Najua, mzee. Hata mama yangu angempokea mzigo." Aliinama kwenye ubao akaandika, polepole, kama mtu asiyependa mwandiko wake. "Nenda kamweleze mkuu hivyo hivyo. Yuko Korogwe."

Barabara ya magari inashuka kwa mzunguko mrefu. Niliendesha bila kuwaza kona. Mkuu wa mbio alikuwa mama wa makamo, yuko chini ya turubai kiwanjani na redio ya mawasiliano mezani. Habari ilikuwa imeshamfikia. Alinipa kiti.

"Mzee, kanuni mlipewa. Ulizisoma?"

"Nilizisoma mara tatu. Ni ukurasa wa tisa."

"Ungeniambia hukuzisoma, ningekuwa na pa kuanzia," akasema. Kisha akanieleza kwamba yeye peke yake hawezi kuamua. Watakaa watu watatu saa tisa mchana. Mpaka hapo mkimbiaji anaendelea, na hakuna atakayemwambia kitu njiani isipokuwa mimi nikitaka.

Saa sita na nusu nilikuwa kituo cha mwisho, pale njia inapokatiza mto mdogo kabla ya kuingia mashamba ya mkonge. Nilikuwa na muda wa kulipima jambo. Nikimwambia, atasimama, na watatu wale wakinisamehe saa tisa, atakuwa amekwisha kusimama. Nisipomwambia, atamaliza kilomita ishirini zilizobaki juu ya magoti yale, labda kwa bure. Sikuona upande wa tatu. Nilichagua kunyamaza, na siwezi kusema kwamba nilichagua kwa ajili yake. Sikuwa na maneno ya kulisema.

Alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa kiazi, akakitafuna amesimama kwa sababu akikaa hatanyanyuka.

"Tuko wapi kwa muda?"

"Dakika tano mbele."

Ilikuwa kweli. Hesabu yangu ilitaka awe nyuma tayari.

"Mbona hunitazami?"

"Jua," nikasema.

Nilijaza chupa zake maji, nikazipanga, nikafunga zipu. Begi likabaki chini kati yetu. Ndani ya kamba niliruhusiwa kulinyanyua na kumvisha, na siku zote tatu ndivyo nilivyofanya. Safari hii mikono yangu haikwenda. Alilitazama begi, akanitazama mimi, akainama kwa tabu akalinyanyua mwenyewe. Akaondoka bila kuaga.

Watu watatu walikaa saa tisa. Walinisikiliza. Nilieleza desturi, nikaeleza bibi, nikaeleza hatua. Mmoja wao, mtu mzima kutoka Korogwe hapo hapo, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuelewa muda wote, na hilo liliniumiza kuliko kama angebishana. Kisha mkuu akasema kwamba siku ya pili walimtoa mkimbiaji mgeni ambaye mke wake alimbebea fimbo za kutembelea kupita kijito.

"Tukikuachia wewe, mzee, yule tumwambie nini?"

Kikao kilichukua dakika saba, wakaamua namba arobaini na moja atolewe.

Nikaenda kukaa kwenye mstari wa mwisho. Wakimbiaji waliingia mmoja mmoja, na nilijikuta naomba jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitaliomba: kwamba achelewe. Akichelewa, nitakuwa sikumwibia kitu. Hesabu zangu zilisema atachelewa. Saa ya mwisho ilikuwa saa kumi na moja kamili jioni, na kuanzia saa kumi na nusu sikuondoa macho kwenye saa yangu.

Alitokeza kwenye pembe ya kiwanja saa kumi na dakika arobaini na sita. Alikuwa anakimbia. Sijui mguu aliutoa wapi, lakini ulikuwa mkimbio, si mwendo wa kuchechemea. Mtu wa kipaza sauti akatangaza, "Huyu hapa mama wa Dindira," na watu waliokuwa wananunua machungwa wakageuka na kupiga makofi. Alivuka mstari saa kumi na dakika arobaini na nane. Dakika kumi na mbili zilibaki, sawasawa na jana yake. Magoti yake yalikuwa yameikataa hesabu yangu. Bila mimi angemaliza.

Msichana wa mezani alimwambia kwa heshima, "Mama, naomba umsubiri mkuu kidogo." Nikamshika mkono nikampeleka pembeni, kwenye ngazi za jukwaa. Nikamwambia kwa Kizigua chetu, kwa sababu kwa Kiswahili ilikuwa inatoka kama tangazo. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba nilijua tangu asubuhi.

Alikuwa anafungua viatu. Hakuacha kufungua.

"Nilijua, kaka."

"Ulijua nini?"

"Kwamba begi halibebwi. Si ulinisomea mwenyewe mara tatu?"

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Wewe ni kaka yangu. Umeshanyoosha mkono, bibi anatuangalia, wifi zangu wanatuangalia. Nikwambie nini mbele yao? Rudisha mkono wako?" Akavua soksi; kucha mbili zilikuja nayo. "Nikasema labda hakuna aliyeona. Nilipokuona pale mtoni unaliogopa begi kama nyoka, nikajua wameona."

"Na ukaendelea?"

"Ningerudi wapi?"

Mkuu alikuja mwenyewe, akachuchumaa mbele yake, akamweleza, akampa pole. Mdogo wangu akamwambia asante, akauliza kama zile chupa za maji ni za kurudisha.

Mahindi yalivunwa. Shemeji zake walisubiri wiki mbili zaidi ya walivyoahidi, kisha ardhi ikauzwa kwa mfanyabiashara wa mbao, ambaye hakuitaka nyumba. Nilikwenda Dindira na pikipiki kumchukua. Wanawake wale walikuja kumsindikiza. Waligawana godoro, sufuria, jembe, kuku wawili katika kikapu na begi lile la mbio lililojaa nguo, na yule bibi alibeba taa. Mdogo wangu alitembea katikati yao mikono mitupu, kwenye njia ile ile, na hakuna aliyemruhusu kushika hata kopo mpaka tulipofika kwenye kona.

Sasa anaishi kwangu, chumba cha nyuma ya kibanda. Anauza mboga na goti la kulia halikupona. Zile laki mbili tulimpa shemeji anayeumwa, mchango wa matibabu. Daftari ninalo bado, na ukurasa wa mwisho nimeuandika kama mwingine wowote: zawadi iliyokosekana, milioni moja na laki mbili; ada ya kushiriki, ambayo mwenyeji anarudishiwa akimaliza, elfu thelathini na tano; jumla iliyopotea, shilingi milioni moja, laki mbili na elfu thelathini na tano.